Mguu wa Kushoto Mara Mbili

Mtu akikaa miaka kumi na tisa akikagua mizani za watu, jina litamfuata tu. Huyu walimwita Mizani, ofisini, barabarani, hata mezani kwa dada yake, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa kuingia dukani na sanduku la mawe ya shaba, kuyapanga juu ya mizani ya mwenye duka, kuinama mpaka jicho liwe sawa na mshale, na kutamka neno moja kati ya mawili: halali, au si halali. Iliyo halali aliigonga muhuri. Isiyo halali aliifunga kwa waya na kuibeba, na mwenye duka aape, alie, ataje watoto wake wote kwa majina, Mizani hakugeuka nyuma. Watu wa aina hii huheshimiwa sana, ila hawakaribishwi chai.

Kwa hiyo chama chake cha waendesha baiskeli kilipoamua kununua kipima nguvu, hakuna aliyeuliza nani atakichagua. Macho yote yalimgeukia yeye, naye akajifanya kushangaa.

Kipima nguvu, kwa asiyekijua, ni kifaa kinachofungwa kwenye baiskeli kupima mtu anakanyaga kwa nguvu kiasi gani, na jibu linatokea kwa wati kwenye skrini ndogo ya usukani. Hakijali upepo, hakijali mlima, hakijali kwamba baiskeli yako ni nyepesi kuliko ya jirani. Kapteni wa chama alikuwa amekitamani kwa muda mrefu. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwanamke mwenye sauti ya chini na subira fupi, na alikuwa amechoka. Kila mwaka chama kilipeleka timu ya watu wanne kwenye mashindano ya vilabu, na kila mwaka uteuzi ulizaa manung'uniko: huyu alisukumwa na upepo, yule aliazima gurudumu, saa ya fulani ilikuwa nyuma. Mwaka huu, alisema Kapteni, hesabu itasema na watu watanyamaza.

Nafasi tatu kati ya nne zilikuwa na wenyewe. Ya nne iligombewa na Mizani na mume wa dada yake.

Tuseme ukweli. Mizani alikuwa na miaka arobaini na minne na hakuwahi hata siku moja kuvaa jezi yenye namba mgongoni. Miaka sita mfululizo alikuwa mtu wa akiba, yaani mtu wa kubeba maji, kushika pampu na kuwapigia wenzake makofi mpaka viganja viwake moto. Aliitaka namba ile kama mtoto anavyotaka viatu vipya, na aliona haya kuitaka kiasi hicho, ndiyo maana kila mara alisema kwamba yeye anaendesha kwa ajili ya afya tu. Aliyemwamini ni yeye mwenyewe, tena siku chache.

Shemeji yake walimwita Tanuri, kwa kuwa alikuwa na kiwanda kidogo cha mikate nyuma ya soko na mwili wake ulitoa joto mwaka mzima. Zamani magunia ya unga yalimporomokea yakamvunja mguu wa kushoto. Wakamtia kipande cha chuma ndani, na mguu ule ukabaki mwembamba kuliko mwenzake. Hata hivyo mlimani alimwacha Mizani kila Jumapili, na akishamngojea kule juu humwuliza, shemeji, ulikuwa unakagua kila jiwe njiani? Mizani naye humjibu kwamba mwenye mguu wa bati hana ruhusa ya kusema na watu wenye nyama. Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa matusi, kama mashemeji wa kweli.

Wakakutana karakana kwa Fundi. Huyu alikuwa mwanamume mkavu, mchache wa maneno, aliyeandika kila kitu ukutani kwa chaki: simu za wateja, vipimo vya tairi, siku ya kutia cheni mafuta. Mizani alisimama mbele ya ukuta huo akaeleza vizuri, na hakuna aliyemkatiza. Alisema kuna kipimo kinachokaa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, lakini hicho kingewalazimu watu watano kuazimana gurudumu moja, na gia zao hazikulingana. Kuna kinachokaa kwenye mkono wa pedali, lakini baiskeli tano zilikuwa na mikono ya aina nne. Kilichobaki ni pedali zenyewe. Pedali huingia baiskeli yoyote. Unafungua kwa spana, ya kulia kama kawaida na ya kushoto kinyume, unafunga kwingine, unaiambia skrini urefu wa mkono wa baiskeli hiyo, basi. Fundi alitikisa kichwa kukubali, jambo ambalo kwake ni hotuba. Mpaka hapo Mizani hakuwa na kosa lolote, na laiti angekaa chini.

Maana pedali nazo zilikuwa za namna mbili. Alikuwa amesoma maelezo yake ofisini, wakati wa chakula cha mchana. Za kwanza zilikuwa na kipimo kulia na kushoto. Za pili zilikuwa na kipimo kushoto tu, na maelezo hayakuficha kitu: kifaa hupima mguu wa kushoto, kisha huzidisha mara mbili. Aliposoma sentensi hiyo kijiko kilisimama kabla ya kufika mdomoni. Nyumbani kabatini, chini ya mashuka, alikuwa na karatasi ya mtaalamu wa viungo aliyemtibu goti la kulia miaka miwili iliyopita. Ilisema mguu wake wa kushoto unabeba kazi kubwa kuliko wa kulia, na kwamba inafaa auzoeze ule wa kulia. Hakuuzoeza. Akaikumbuka karatasi, akaukumbuka mguu mwembamba wa Tanuri, kisha akamalizia chakula chake taratibu sana, kama mtu anayeogopa kufanya kelele.

Hakujiambia kwamba anaiba. Hakuna anayejiambia. Alijiambia kwamba za upande mmoja ni rahisi, betri ni moja, na si vizuri kukausha mfuko wa chama, ingawa mfuko ulitosha za namna zote mbili na Kapteni alishamwambia hivyo. Basi pale karakana akasema anapendekeza zenye kipimo upande mmoja.

Tanuri, aliyekuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Sasa shemeji, na mguu wa kulia unapimwa na nani?"

"Kifaa kinaukadiria," Mizani akajibu. "Mguu ni mguu."

Watu wakacheka, Tanuri akacheka nao, na jambo likapita. Jibu kama hilo angelipewa dukani, Mizani angelifungua sanduku lake na kumwamuru mwenye duka asimame kando. Lakini nyani haoni kundule, na hata anapoliona, huketi haraka.

Pedali zilikuja zikaanza kuzunguka, wiki moja kwa kila baiskeli, ili kila mtu azizoee kabla ya siku ya kupimwa. Wiki ya Mizani ilikuwa tamu. Hesabu zilipanda kuliko alivyotegemea, akawa anaingia ofisini anapiga mluzi. Wiki ya Tanuri haikuwa hivyo. Siku ya tatu alimpigia simu Mizani akiwa na sauti ya mtu aliyepoteza ufunguo wake mwenyewe. Alisema ameingiza urefu wa mkono wa pedali mara tatu, amefungua na kufunga upya, ameanzia sifuri kama ilivyoelekezwa, lakini mashine inamwambia yeye ni mdhaifu. Akauliza, nimekosea wapi, shemeji?

Hapo palikuwa na mlango wazi. Mtu alihitaji sentensi moja tu ili atoke. Mizani alimwambia alale zaidi, anywe maji, aache kuamka mapema. Kumwambia mwokaji mikate aache kuamka mapema ni sawa na kumwambia samaki apunguze maji, lakini Tanuri alimshukuru.

Siku ya kupimwa ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kapteni, ili kukata maneno, aliamuru wote watumie baiskeli moja ya Fundi. Gurudumu lake la nyuma lilikandamizwa kwenye rola nzito ya chuma, mtu akanyage kwa dakika ishirini bila kwenda popote, gia moja tu, kubadilisha marufuku. Rola ile ilikuwa na kihesabu cha zamani cha umbali, tarakimu zake zikigeuka moja moja, na Fundi kwa mazoea yake aliandika umbali wa kila mtu ukutani. Hakuna aliyemwomba. Kila mtu alikuwa ameikodolea macho skrini mpya.

Tanuri alipanda kwanza. Alikanyaga kichwa kimeinama, jasho likidondoka sakafuni, rola ikivuma mpaka spana zilizotundikwa ukutani zikawa zinagongana. Dakika ishirini zilipokwisha Kapteni akasoma: wati mia mbili na kumi na mbili. Akasoma tena. Fundi akakagua urefu wa mkono, akakagua betri, akasema kila kitu kiko sawa. Tanuri aliigonga skrini kwa kidole mara mbili, pole pole, kama anayebisha hodi. Kisha akajifuta uso na taulo, na akakaa humo ndani ya taulo muda mrefu kuliko jasho linavyohitaji.

Mizani akapanda. Wati mia mbili hamsini na mbili. Wakampigia makofi, na Tanuri ndiye aliyeanza.

Alishuka akaenda kunywa maji pembeni, na hapo ndipo alipouona ukuta. Tanuri, kilomita kumi na moja na mita mia nane. Mizani, kilomita kumi na moja na mita mia tano. Rola ile ile, gia ile ile, dakika zile zile. Aliyefika mbali zaidi ndiye aliyekanyaga kwa nguvu zaidi, na hilo halihitaji shule. Mpaka wakati huo alikuwa na kisingizio kidogo moyoni, kwamba huenda ameshinda kweli, kwamba tofauti ya mguu haiwezi kuwa kubwa kiasi hicho. Chaki ilimnyang'anya kisingizio.

Mtu mmoja akatania kwamba sasa Mizani atawekewa muhuri yeye mwenyewe. Mizani akacheka sana, kuliko mzaha ulivyostahili, na akicheka akauegemea ukuta, bega kwanza, kisha mgongo wote, akajisugua kidogo kama anayewashwa. Alipojitoa, pale palikuwa na wingu jeupe tu.

Dada yake alikuwa amefika na kikapu cha mikate ya kuwapongeza wote, atakayeshinda na atakayeshindwa. Alimwona kaka yake mgongo mweupe, akamgeuza kama alivyokuwa akimgeuza walipokuwa watoto, akampangusa chaki kwa kiganja, akimwuliza ameegemea wapi, mtu mzima asiyejitazama. Mizani alisimama akapanguswa. Fundi alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa, macho yake yapo ukutani.

Kapteni alimkabidhi jezi siku ile ile. Namba saba. Aliivaa chumbani kwake mbele ya kioo, akageuka kuitazama kwa nyuma, na alichokiona ni mwanamume wa makamo aliyepinda shingo. Aliivua upesi. Raha aliyoingojea miaka sita haikukaa hata muda wa kufunga zipu.

Siku tatu baadaye Tanuri alikuja mlangoni na magurudumu yake mazuri, yale mepesi aliyokuwa akiyafunika kwa blanketi. Alisema hayana kazi kwake tena, Mizani ayatumie mashindanoni, asije akawaaibisha wakwe. Aliyasema kwa mzaha, lakini hakukaa hata kunywa maji. Mizani aliyapokea. Angefanyaje? Kuyakataa kungehitaji sababu, na sababu aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu.

Kazi nayo ilimgeuka. Wiki hiyo aliingia katika duka la vifaa vya ujenzi, akapima mizani ya kuuzia misumari, akakuta mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Kila mteja alikuwa akipunjwa, kidogo, siku zote upande ule ule. Mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye miwani kifuani, hakulia wala hakuapa. Alisema hivi: "Mimi sikuiharibu, bwana mkaguzi. Niliinunua ikiwa hivi hivi. Nilijua, nikanyamaza."

Mizani alifunga mizani ile kwa waya kama kawaida. Lakini alifunga, akafungua, akafunga tena, na alipotoka nje aligundua amesahau sanduku lake la mawe ndani. Ilibidi arudi kulichukua, na yule mama akamkabidhi. Alimshukuru huku akitazama sakafu.

Kesho yake dada yake alimfuata ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa kwenye kiti cha wenye maduka, mkoba mapajani, na akasema yote bila kupumzika. Tanuri haendeshi tena. Kila asubuhi anachukua utepe wa kupimia nguo, anapima mguu wa kushoto, anapima wa kulia, anatikisa kichwa. Amejiaminisha kwamba chuma kimeanza kumla ndani. Ameenda kwa daktari, na daktari amesema picha haionyeshi ubaya, lakini kama chuma kinamsumbua wanaweza kukitoa. Tanuri amesema kinamsumbua. Tarehe imeshapangwa, Alhamisi ijayo. Atakaa wiki nyingi bila kusimama mbele ya tanuri, na yeye mwenyewe dada mtu hajui atawaambia nini wafanyakazi wawili walio pale.

"Kaka, kisu si mchezo," alisema. "Hata kusema kwamba mguu unamuuma hasemi. Anasema mashine imemwambia. Wewe ndiye mtu wa vipimo, hatamsikiliza mwingine. Nenda ukamwambie kama ni kweli au si kweli."

Halali, au si halali. Mizani alimwahidi atakwenda, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi na kukaa kwenye kile kiti cha wenye maduka badala ya chake. Alikaa pale mpaka mhudumu alipokuja kufagia akamwuliza kama anaumwa. Alijisikia mchafu, si kwa mfano, ni mwilini hasa, akatamani kuoga.

Hakwenda moja kwa moja. Woga ni hodari wa kutafuta shughuli. Alipitia kwanza karakana, kwa kisingizio kwamba anarudisha spana ya pedali, na akakuta ukuta umeandikwa upya. Pale pale, kwa tarakimu kubwa kuliko za awali: kumi na moja na mia nane, kumi na moja na mia tano. Fundi alikuwa amechuchumaa akinyoosha spoki za gurudumu, hakuinua kichwa.

"Chaki inafutika," Fundi akasema. "Lakini mimi ninalo boksi zima."

Basi. Mizani aliiweka spana mezani, akatoka. Tangu siku hiyo alijiuliza mara nyingi kama alikwenda kwa Tanuri kwa sababu ya dada yake au kwa sababu ya ukuta ule, na hakupata jibu lililompa heshima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameanza kusikia kikigonga.

Kiwandani mchana ni wakati wa kimya. Mikate ya asubuhi imekwisha kutoka, ya kesho haijaanza, tanuri limepoa kiasi cha mtu kuegemea. Tanuri alikuwa anakwangua mabaki ya unga kwenye meza ndefu, na baiskeli yake ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya magunia, haina magurudumu. Alimkaribisha shemeji yake kwa gunia la kukalia. Mizani hakukaa.

Alieleza akiwa amesimama, mikono nyuma. Pedali zina kipimo upande wa kushoto tu. Kinachopimwa kushoto huzidishwa mara mbili, mguu wa kulia hauulizwi kitu. Mtu mwenye mguu wa kushoto wenye nguvu anatoka mkubwa kuliko alivyo, mtu mwenye wa kushoto dhaifu anatoka mdogo kuliko alivyo. Kwenye rola Tanuri alikwenda mbali zaidi, Fundi aliandika. Nafasi ni yake. Mguu hauna kitu. Alhamisi asiende.

Tanuri aliacha kukwangua meza. Aliutazama mguu wake wa kulia, kisha wa kushoto, kama anayewatambulisha watu wawili waliogombana.

"Siku ile nilipokuuliza nani anapima wa kulia," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na nilipokupigia simu?"

"Nilikuwa najua."

Mizani alikuwa amejitayarisha kwa ngumi, kwa tusi la kweli, kwa kufukuzwa. Hakuwa amejitayarisha kwa kilichotokea. Tanuri alikaa chini juu ya gunia, akaushika mguu wake mwembamba kwa mikono miwili, na akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Mguu mzima, alikuwa akisema. Kumbe mzima. Siku kumi na moja nimelala nao kitandani kama nimelala na mgonjwa. Hakumlaani mtu. Alifurahi tu, furaha tupu, na Mizani alisimama mbele ya furaha hiyo akaona ni heri ngumi.

Kisha Tanuri akamwita mkewe kwa sauti. Dada akatoka stoo mbio, mikono imejaa unga, akidhani kuna aliyeungua. Tanuri alimwambia Alhamisi hakuna kwenda popote, mguu mzima, kosa lilikuwa la kipimo. Mkewe akauliza nani kasema. Tanuri akamtazama Mizani, na katika kutazama huko kulikuwa na kila kitu: hasira iliyokuwa ndiyo kwanza inafika, na utani wa miaka kumi na mitano, na hesabu ya haraka ya mtu anayejua kwamba mke wake ana kaka mmoja tu.

"Kakako," akasema. "Amegundua kipimo kina kasoro. Tutamwambia Kapteni tupimwe upya."

Dada alimkumbatia Mizani hapo hapo, kwa nguvu, unga wote ukamhamia begani na mgongoni. Alisema alijua. Alisema alimwambia mume wake tangu mwanzo kwamba kaka yangu hawezi kuacha jambo la kipimo lipite hivi hivi, hata liwe la nani. Akarudi nyuma akaona alivyomchafua, akacheka, akamgeuza, akaanza kumpangusa bega kwa kiganja.

Nyuma yake Tanuri alikuwa anatikisa kichwa taratibu. Usiseme, kichwa kilisema. Acha ipite. Na ingepita. Mbele ya Kapteni ingepita, mbele ya chama chote ingepita, na Fundi akiona jina la Tanuri kwenye timu angeifuta chaki yake mwenyewe. Mizani angerudi kubeba maji akiwa mtu mwema. Kiganja cha dada yake kilikuwa chepesi, pa, pa, pa, kama miaka ile ya kwenda shule.

"Sikugundua, mdogo wangu," alisema bila kugeuka. "Nilijua kabla hatujazinunua. Ndiyo maana nilizichagua."

Kiganja kikasimama begani. Kilikaa pale, kizito, muda ambao Mizani hakuweza kuukadiria, yeye mtu wa kukadiria. Kisha dada yake akakiondoa, akaingia stoo, na unga uliobaki mgongoni akauacha pale pale.